Wahunzi Kumi na Wawili wa Bwejuu

Vijana wa stoo, mmeniomba niandike kumbukumbu zangu. Nadhani mlitaka nipate kitu cha kunikalisha nyumbani, maana tangu nistaafu nimekuwa nikipita ofisini kila Jumatatu kukagua buti, na siku hizi mnaniamkia shikamoo kwa sauti ya watu wanaomsindikiza mgeni. Haya, nimekaa. Nina daftari, nina kahawa, na nina kalamu ya kampuni ambayo sikuirudisha.

Vyeo sitaviandika. Nilikuwa nacho kimoja tu, mtunza stoo na mwandikishaji wa askari, na kibao chake kiliandikwa mlangoni kwa chaki. Mvua za masika zikikifuta tulikiandika upya. Mshahara nao mnaujua, kwa sababu ndio mnaoupata hadi leo.

Nilishuka bandarini Kilindoni, hapa Mafia, na begi moja na tumbo lililokuwa bado linayumba. Sisi watu wa Njombe hatukuumbiwa boti. Kampuni yetu ya ulinzi wakati huo ilikuwa chumba kimoja na ua nyuma ya soko, na mlangoni alisimama mtu mfupi, mpana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Huyo ndiye Sajini Lusekelo, mwanajeshi mstaafu kutoka Tukuyu, aliyekuwa mkufunzi wetu. Nilifungua mdomo nimwamkie. Kabla shikamoo haijatoka alikuwa ameniegemeza ukutani na kunisimamishia fimbo yenye alama nyekundu.

"Umepita kwa kidole kimoja," akasema. "Ulikuwa unafanya kazi gani huko kwenu?"

"Nalima viazi, Sajini."

Macho yakamng'aa. "Mkulima! Mkulima amezoea jua, amezoea jembe, hajui godoro. Warumi walimpenda mkulima kuliko mtu wa mjini."

Mimi Mlutheri, Warumi niliowajua ni wale walioandikiwa waraka na Mtume Paulo. Nikamuuliza kama ni hao.

"Hao hao," akasema Sajini, "ila hawa walikuwa na buti."

Nikaajiriwa. Ile alama nyekundu niliipima baadaye nikiwa peke yangu, na nikagundua kwamba Sajini mwenyewe alikuwa chini yake kwa vidole vitatu. Sikulitaja jambo hilo, wala ninyi msilitaje mkikutana naye.

Siri ya Warumi ilikuwa kwenye droo ya meza yake. Ilikuwa ni kitabu cha shule cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hadi leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilieleza jinsi Warumi wa kale walivyochagua askari wao, walivyowavalisha na walivyowafunza. Sajini alikiokota kwenye kabati bovu enzi zake za jeshini, na alipostaafu aliondoka na vitu vitatu: pensheni, karai la kukaangia, na kitabu hicho. Mwenye kampuni alipomwomba atengeneze utaratibu wa kuajiri walinzi wa maghala na hoteli, Sajini hakuumiza kichwa. Alifungua kitabu.

Msicheke, kwa sababu utaratibu mnaoutumia hadi leo ni huo huo. Kijana wa Kirumi aliyetaka uaskari alikuja na barua ya mtu anayemfahamu, ndiyo maana sisi tunadai barua. Alipimwa urefu. Alikaguliwa macho, kifua, mabega na tumbo, ambalo lilitakiwa liwe dogo, na kigezo hicho kikisomwa mwenye kampuni alikuwa anaangalia dirishani. Akikubaliwa alikula kiapo, kisha akavishwa shingoni kipande cha madini ya risasi ndani ya kifuko cha ngozi ili ajulikane. Vile vipande vyenu mnavyovilalamikia kwamba vinachafua kola, Sajini alivitengeneza kwa risasi za kuzamishia nyavu. Alizinunua kwa wavuvi, hapo hapo sokoni.

Mazoezi nayo yalikuwa ya Kirumi. Wao waliwafunza wageni kwa panga za mbao na ngao za kusuka zenye uzito mara mbili ya zile za kweli, ili siku ya vita mkono uone raha. Marungu yetu ya mazoezi yalichongwa kwa mbao ngumu ya mnazi, mazito kama dhambi, na vijana walidhani ni kwa sababu kampuni haina uwezo. Warumi wanane walilala hema moja, wakala pamoja, wakawa na jiwe lao la kusagia na baghala wao, yule mtoto wa punda na farasi, wa kuwabebea mizigo. Kwetu watu wanane walikula sufuria moja. Baghala hatukumpata, baiskeli ikachukua nafasi yake, na pampu ya baiskeli siku zote ilikuwa kwa kundi lingine.

Kulikuwa na ukurasa uliosema askari mpya lazima afundishwe kuogelea. Huo Sajini aliuruka. Yeye wa Tukuyu, mimi wa Njombe, tungemfundisha nani kisiwani hapa, na ni nani angetutoa?

Upande wangu ulikuwa vifaa. Hapo zamani kabisa Mrumi alijivalisha mwenyewe kulingana na uwezo wake: tajiri alikuja na kofia ya shaba, ngao na kinga ya kifua, maskini alikuja na teo na mawe mfukoni. Baadaye dola ikawa inawapa vifaa, ila inawakata kwenye mshahara. Askari wetu walipolalamikia makato ya buti, Sajini aliwasomea ukurasa huo kwa sauti, polepole, kama mtu anayewapa pole. Sikumbuki hata mmoja aliyefarijika.

Sasa nifike kwenye shida. Kitabu kilikuwa na ukurasa wa kazi. Kilisema mhunzi anafaa uaskari, seremala anafaa, mchinja nyama na mwindaji wanafaa. Kisha kikataja watu ambao wasikaribishwe kambini kabisa, na wa kwanza katika orodha hiyo ni wavuvi. Hakikueleza kwa nini. Mimi nadhani mwandishi alipata kuuziwa samaki mbovu. Sajini akaitundika sheria hiyo mlangoni kwa herufi kubwa: WAVUVI HAWACHUKULIWI. Aliitundika Mafia, ambako ukirusha jiwe likimkosa mvuvi litampata mke wake.

Mwaka wa kwanza hatukupata watu. Mwaka wa pili habari za karatasi ile zilikuwa zimeenea, na boti ikatuletea vijana kumi na wawili kutoka kisiwa cha Bwejuu, kila mmoja na barua yake. Barua zote ziliandikwa na mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri, na zote zilisema kitu kimoja: mchukuaji wa barua hii ni mtu mwaminifu, na kazi yake ni mhunzi. Bwejuu inaishi kwa samaki. Kwa hesabu ya barua zile ilikuwa na wahunzi wengi kuliko wilaya nzima, na wote walikuwa na magamba ya samaki kwenye kandambili.

Sajini alizisoma zote kumi na mbili bila kucheka. Kisha akawapeleka uani, ambako geti letu lilikuwa limekatika bawaba na kuegemea ukuta.

"Wahunzi," akasema, "nyundo ile pale. Litengenezeni."

Walilizunguka. Mmoja akauliza, "Moto tunawasha?" Mwingine akamjibu kwa kunong'ona, "Ukishawasha utafanyaje?" Wakateta pembeni. Halafu mkubwa wao akatoa mfukoni kamba nene ya nailoni, na wote wakalishukia geti lile kama watu waliofika nyumbani. Haikupita nusu saa likawa limening'inia, limefungwa kwa mafundo ambayo sijawahi kuyaona, linafunguka na kufungwa bila kelele. Sajini alilivuta. Akalitikisa. Akalipanda kwa uzito wake wote na kubembea.

"Huu ni uhunzi wa wapi?" akauliza.

"Wa baharini, Sajini," akajibu yule mkubwa, macho chini.

Akawapitisha wote. Geti hilo ndilo mnalofungua kila asubuhi, na mafundo ni yale yale.

Nilidhani sheria imekufa siku hiyo. Haikufa. Sajini alikuwa tayari kumchukua mvuvi yeyote, mradi barua isiseme mvuvi. Ndipo akaja Mwanaidi.

Mwanaidi Kombo alikuwa mchokoa pweza wa Bwejuu. Mumewe alikwenda bara kutafuta kazi na kazi ikampendeza kuliko kurudi. Mwanaidi alibaki na watoto wawili na mama aliyekuwa anapoteza macho. Siku hizo wazee walikuwa wameanza kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, jambo zuri sana kwa pweza. Kwa Mwanaidi mwamba ukifungwa na jiko linafungwa. Hoteli moja ya Utende ilikuwa inataka mlinzi mwanamke wa kukaa getini, mtu mmoja tu, na yeye aliitaka nafasi hiyo kwa sababu haikai kungoja maji yatoke.

Barua yake, kwa mwandiko ule ule mzuri, ilisema kazi yake ni mvuvi. Nilimvuta pembeni.

"Dada, huyu mzee wenu hakukwambia?"

"Alitaka kuniandika mhunzi, nikakataa."

"Ungeandika hata fundi cherehani."

"Kaka Efraimu," akasema, "nina mikono hii." Akanionyesha: alama za pweza mpaka kwenye viwiko. "Hata nikidanganya, hii itanyamaza?"

Sajini alisoma barua, akamwonyesha mlango wenye herufi kubwa, akamwambia pole. Mwaka uliofuata nafasi ya Utende ilikuwa bado wazi, maana waliompata alidumu mwezi mmoja. Mwanaidi akaja na barua ile ile, akarudi kwa boti ile ile. Mara zote mbili mimi nilikuwa nimekaa pale na kalamu mkononi. Nilijua sheria hiyo imetoka kwenye kitabu cha watu waliokufa zamani, wasiojua Mafia iko wapi. Nilijua kumi na wawili waliodanganya wako kazini wanakula pamoja nami. Na nilinyamaza, kwa sababu Sajini alikuwa amenipokea nikiwa sina mtu, na kwa sababu nilipenda maandazi yake. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sijawaeleza maandazi. Kila asubuhi ya usaili Sajini mwenyewe aliinjika lile karai uani na kukaanga. Yalikuwa na iliki, mepesi, yamevimba, na watu walikuja kuomba kazi wasiyoitaka ili wayapate. Hakumruhusu mtu mwingine aguse unga. Ukimuuliza alijifunzia wapi, alisema jeshini, na sote tuliopata kula chakula cha jeshini tulikubali kwa adabu.

Mara ya tatu Mwanaidi aliwahi kufika kuliko wote. Alikuwa amekonda. "Hii ndiyo ya mwisho, kaka," akaniambia. "Mama sasa namshika mkono mpaka chooni, siwezi kumwacha kwenda mwambani tena alfajiri. Nafasi ya Utende wanaifunga wiki hii. Mkinikataa sitarudi kuwasumbua."

Niliingia stoo na kitabu cha Sajini. Nilitaka nitafute sentensi moja tu inayomsifu mvuvi, nimpelekee. Sikuipata. Ila kwenye ule ukurasa wa kazi niliona kitu nilichokuwa nimekiona siku zote bila kukitazama. Katika orodha ya wasiotakiwa, baada ya wavuvi na watega ndege, palikuwa na neno limepakwa wino mweusi, kisha orodha ikaendelea na wafuma nguo. Sajini alipotusomea alikuwa anasema hapo kiwanda kiliharibu. Nikaupeleka ukurasa dirishani, jua likapita upande wa pili, na herufi zikaonekana chini ya wino. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nikachukua kamusi. Neno lilikuwa linawataja watu wanaopika vitu vitamu vya unga.

 Kisha nikatoka uani. Sajini alikuwa anageuza maandazi.

"Sajini," nikasema kwa sauti ya chini, "ule wino nimeusoma."

Hakuinua kichwa. "Umeusoma vizuri?"

"Kwa jua la dirishani."

Akaopoa maandazi yote kwanza, moja moja, maana hakuwa mtu wa kuunguza. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama yangu aliuza maandazi stendi ya Tukuyu," akasema. "Mimi ndiye niliyekanda, tangu niko mdogo. Siku ya kuandikishwa jeshi waliniuliza kazi yangu. Mbele yangu kuna wachimba madini, kuna madereva wa malori. Nikasema seremala."

"Umewahi kushika randa?"

"Wiki hiyo hiyo. Wakanipa mlango wa mkuu wa kambi niutengeneze. Haukufunga tena mpaka alipohamishwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mama alikuja kunitembelea," akasema. "Amebeba maandazi kwenye beseni, kasafiri nayo siku nzima. Wenzangu wakaniuliza yule mama ni nani. Nikasema ni jirani yetu. Na yeye yuko hapo, Efraimu, anasikia. Akawagawia wote maandazi, akaondoka."

Alijipangusa mikono kwa aproni, akatoka nje palipokuwa na foleni. Mimi nikamfuata na daftari.

"Wewe," akamwambia Mwanaidi, "kazi yako nini?"

"Mvuvi wa pweza, Sajini. Nimeshasema mara tatu."

"Na mama yako?"

"Mvuvi. Ndiye aliyenifundisha."

"Ukiwa Utende getini, wageni wakakuuliza ulikotoka, utasema hivyo?"

"Nitasema. Kwani nina mama mwingine?"

Sajini alimtazama.  Kisha akageuka, akabandua ile karatasi mlangoni, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Efraimu, mwandike kama alivyosema. Ukimaliza, fungua faili langu. Mahali pa kazi ya awali kata seremala."

"Niandike nini, Sajini?"

"Unajua cha kuandika. Unayala kila usaili."

Hivyo ndivyo neno mvuvi lilivyoingia kwenye daftari letu la kwanza. Mnaweza kulitafuta, liko rafu ya juu, na kwenye ukurasa ule kuna alama ya mafuta ambayo si yangu.

Buti zilinishinda. Ndogo kuliko zote stoo ilikuwa namba nane, na Mwanaidi alikuwa na mguu wa namba tano. Buti za askari wa Kirumi zilipigiliwa misumari kwenye soli. Yeye alijaza makumbi ya nazi kwenye ncha, akatembea miezi mitatu kama bata anayekwenda harusini, mpaka nilipomtafutia jozi kwenye mitumba. Ndiyo maana ninyi mnakuta namba tano kwenye rafu hata kama hakuna anayeiomba. Msiiondoe.

Alikaa Utende getini miaka mingi, na mama yake alihamia naye. Wageni waliomuuliza alikotoka waliambiwa, na baadhi waliishia kufundishwa kuchokoa pweza siku yake ya mapumziko. Sajini alirudi Tukuyu akiwa mzee. Kitabu aliniachia, karai alilibeba. Nasikia ana meza yake stendi, na mteja akiuliza alijifunzia wapi anajibiwa kirefu mpaka basi linamwacha.

Mwanaidi alipochoka kusimama tulimleta ofisini. Nilimfundisha fimbo, barua na kiapo, na yeye akanifundisha nilichokikwepa maisha yangu yote: bahari. Kuogelea bado, mniache. Lakini maji makubwa ya bamvua yakitoka, mwamba ukiwa umefunguliwa, natembea naye mpaka ukingoni na fimbo yangu ya chuma. Pweza wa kwanza aliponikamata mkono nilipiga kelele kwa Kibena cha kwetu. Sasa nawatoa bila kusema neno, na mkononi nina alama mpaka karibu na kiwiko.

Siku yangu ya mwisho kazini alinikalisha upande wa pili wa meza, kwenye kile kiti cha waombaji ambacho mguu mmoja ni mfupi. Kulikuwa na fomu ya kustaafu ya kujaza. Jina alilijua. Umri aliuandika bila kuniuliza, akaniongezea mwaka mmoja. Kisha akafika chini.

"Kazi ya sasa?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mstaafu. Nikaiangalia mikono yangu mezani.

"Mvuvi," nikasema.

Mwanaidi aliweka kalamu chini. Niliona macho yake yanajaa machozi, ingawa mdomo wake ulikuwa unajizuia kucheka.

"Una uhakika, kaka Efraimu?" akasema. "Maana zamani hapa tulikuwa hatuwachukui."

"Andika tu," nikamwambia, naye akaandika.